Kalenda ya Mheshimiwa

Jirani zangu, leo sitataja machozi.
Kitunguu kimeshasingiziwa vya kutosha.
Nataka tuongee hesabu.

Mimi karani wa ghala la baridi, hapa Nueva Ecija,
miaka kumi na tisa napokea magunia mekundu,
napima, naandika, natoa risiti.
Najua nani alivuna mapema kwa sababu ya ada ya shule
na nani aliulaza mzigo hadi ukachipua
akingoja bei ambayo haikuwa hata njiani.

Mwaka juzi, Februari, wiki ile ile
vitunguu vimelala chali juu ya udongo,
meli ikashusha makontena bandarini Manila.
Kibali kilikuwa na sahihi. Sahihi ilikuwa na muhuri.
Bei ikaporomoka toka arobaini hadi tisa
kabla Mang Eleuterio hajashona gunia la pili.
Akalifumua. Akavimwaga shambani, akavifukia kwa trekta.
Trekta lilinguruma vile vile kama siku zote.

Msimlaani mkulima wa kule vilikotoka.
Huenda naye aliuza kwa bei ya kutupa,
huenda mkewe ana daftari kama langu.
Vita vya panzi, furaha ya kunguru,
na kunguru wa siku hizi ana lori, stoo na wakili.

Nilikwenda peke yangu kwa mbunge, mwezi wa saba.
Binti wa mapokezi, mpole, ana kikohozi,
akaniuliza natoka chama gani.
Nikasema: chama cha watu wanaopika.
Akacheka. Akanipa kalenda.
Nusu ya karatasi uso wa Mheshimiwa, meno yote nje,
na chini yake siku, ndogo kama chawa.

Nimeitundika jikoni.
Kila jioni ya mavuno naandika bei ndani ya tarehe:
arobaini, thelathini na moja, kumi na nane,
tisa, tisa, tisa.
Mafuta ya samaki yamemrukia shavuni.
Aling Rosenda alipoiona alisema, "Hotuba ndiyo hii."

Basi sikilizeni. Mtu mmoja hupewa kalenda.
Mia mbili hupewa viti.
Wakija elfu, Mheshimiwa hukumbuka ghafla
kwamba bibi yake naye alilima.

Mswada wa vibali unasomwa tarehe ishirini na tatu.
Hatuombi mlango wa nchi upigwe komeo;
tunaomba usifunguliwe wiki ya mavuno.
Tunaomba ushuru upangwe juu ya meza, si chini yake,
na majina ya wenye vibali yabandikwe ukutani
kama yanavyobandikwa ya wadaiwa wa umeme.
Ni hayo tu. Mtoto wa Isagani ameshayakariri,
jana alikuwa akiyaimba anaogeshwa.

Njooni na risiti, hata zilizotafunwa na mende.
Barua ikikushinda, pita kwangu jioni:
wewe sema, mimi nitaandika, sahihi iwe yako.
Ukiogopa, njoo na woga wako, lori lina nafasi.
Na wewe mwenye kibanda cha tambi, unayenunua tu,
uliyelipa mia sita kwa kilo mwaka ule hatukuwa na hata mzizi,
usiseme hayakuhusu.
Kisu kilichotukata kina makali pande mbili.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya ghala.
Kalenda nitaibeba mimi.
Nitamrudishia mwenyewe, mkononi,
nimwombe avae miwani
asome kwa sauti, kuanzia Februari.