Kikombe Kwenye Droo ya Noah

Gari lilishushwa bandarini Jumanne,
Noah ya kijivu, kilomita elfu tisini,
na ndani ya droo ya dashibodi, chini ya kitabu
cha maandishi tusiyoyajua,
Chande akakuta kikombe.

Hakina mkono. Hakina maua.
Rangi yake kutu tupu, kama bati la Gerezani
lililonyeshewa masika matatu.
Mafundi wakacheka: Wajapani nao
wanatuletea vigae!
Mmoja akakitaka awekee misumari.

Chande akakiviringisha kwenye tambara la oili,
akampelekea shangazi yake Pugu,
Bi Siwatu, ambaye vyungu vyake
huuzwa Ilala ubavuni mwa magunia ya mkaa,
kila mnunuzi akivigonga kwa kidole
kana kwamba ni matikiti.
(Yeye mwenyewe uji hunywea plastiki.
Mfinyanzi hulia gaeni.)

Hakuuliza kimetoka wapi.
Alikipindua kwanza.
Kitako ndicho husema kweli,
mdomo ni wa wageni.

"Hakikupakwa kitu," alisema.
"Mng'ao huu ni jivu. Limeruka kwenye kuni,
likatua begani, likayeyuka.
Moto wa siku nyingi, siyo wetu wa magome
na nyasi, wa jioni moja.
Na aliyekifinyanga ana dole gumba fupi.
Na siku hiyo alikuwa na haraka."

Akaweka dole gumba lake kwenye alama ile.
Halikuenea, likazidi kidogo.
Akaliacha pale
muda wa maji ya ugali kuchemka.

Chande akaperuzi simu, akamsomea:
kuna mji huko, kuta za vichochoro vyake
zimepangwa kwa mitungi iliyokataliwa sokoni.
Mabomba ya moshi yamesimama, hayatoi moshi.
Matanuru mengi yamezimwa.
Watoto wa wafinyanzi
wamekwenda viwandani, kuunda magari.

Bi Siwatu akacheka hadi akakohoa.
"Na wa kwangu," akasema, akimtazama Chande
kucha zake nyeusi kwa grisi,
"wanayafungua."

Noah ilipata mtu wa Tabata.
Kikombe kiko Ilala, katikati ya vyungu,
hakijazi hata nafasi ya kifuniko.
Wapitao hukigonga nacho.
Hujibu kwa sauti nyembamba: nimeiva.

Bei gani, mama?

"Chagua kingine," husema.
"Hicho cha mwenzangu."