Mstari wa Pili

Vile vya kwanza vilikufa ndani ya buti la gari,
Julai, njia ya Alvani, joto la kulegeza mshumaa.
Vya pili viliganda kwenye kipito cha Abano,
barafu ikavipasua kimyakimya, kimoja kimoja.
Nilivizika vyote katika ripoti,
aya mbili mbili, bila matanga.

Wakubwa wa Tbilisi wakasema: nunueni jokofu kubwa zaidi.
Jokofu! Kule juu Tusheti,
ambako umeme huja kama mgeni wa haraka,
hunywa chai, huaga.

Tukageukia sukari.
Kingamwili ni protini zenye deko:
ukizikausha hivihivi hujikunja, husahau kazi;
ukizivisha sukari kwanza, hulala.
Miezi minne nikipima, robo gramu, nusu gramu,
vikatoka vya kunata, vikatoka vya unga,
vikatoka vipofu.
Bibi yangu Pepela, aliyeanika uji wa plamu juani
hadi uwe ngozi nyekundu ya kutafunwa Februari,
angenicheka: mjukuu wangu,
miaka tisa ya chuo
ili ujue kuanika?

Septemba nilimwachia Iordane pakiti kumi na mbili
kwenye rafu ya kibanda, kati ya chumvi na betri za tochi.
Akashuka na kundi. Theluji ikafunga mlango,
ikaufungua. Akarudi, moshi ukarudi naye.
Hakuna aliyezigusa ila panya mmoja
aliyeonja kona ya boksi
akaona sukari yenyewe si ya kumfaa.

Agosti, simu: jike mmoja ana kamasi,
macho yana tongo, midomo ina vidonda.
Nilipanda saa saba.
Iordane alimshika kichwa mnyama
kama mtu amshikavyo mwanawe kwa kinyozi.
Pamba puani. Matone matatu. Dakika kumi na tano.

Mstari wa kwanza ukaja: kipimo ki hai.
Miezi kumi na moja rafuni, ki hai!
Moyo uliruka, nikauzuia kwa meno.
Kisha ukaja wa pili,
mwembamba, wa waridi,
kama mkwaruzo wa kucha.
Sotoka ya mbuzi, na kondoo pia, haichagui.

"Kwa hiyo kinafanya kazi," akasema.
"Kinafanya."
"Bahati mbaya."

Hakukaa chini. Alimwita Lagaza,
kijana aliyekuwa akichonga fimbo:
"Shuka mbio hadi darajani, mwambie Bakhva
asipandishe kundi lake. Ageuke.
Hata akimtukana mama yangu, ageuke."

Mimi nikaandika tarehe, namba ya pakiti, chanya.
Mkono ulitaka kuongeza neno jingine,
la kushangilia au la pole, sikujua,
fomu haina nafasi hiyo.

Zilibaki pakiti kumi na moja.
Kondoo walikuwa mia tatu na arobaini.
Tukaanza na waliolala karibu naye.