Sehemu ya Tano

Zamzam alikufa Alhamisi, saa mbili na nusu ya usiku,
kwa homa, ndani ya redio ya mamangu.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Makadara nzima ilizima taa mapema
na mama akaimwaga chai bila kuionja.
Baadaye tukasikia mwigizaji kapata kazi Maskati,
ndipo mwandishi akamtafutia homa.

Sasa nina hamsini, natengeneza cherehani,
vidole vyanuka mafuta ya mashine,
na Nuswaiba, binti wa ndugu yangu, aniambia:
"Ami, Zamzam yuhai. Sikiza."
Akanitia kidude sikioni kama atiaye dawa.

Kwanza pumzi.
Kisha kiti kikalia, kisha sauti ya mwanamke:
"Watu hawa si wangu. Nimewaazima.
Nitawaludisha wakiwa wameoshwa."
Akaanza kusoma, na Zamzam akafumbua macho,
akaomba uji, akasema umepungua chumvi.

Nikakitoa kidude, nikakitazama.
"Nani kampa ruhusa?"
Nuswaiba akacheka:
"Na yule aliyemuua, alipewa na nani?"

Sikujua kuna watu wa namna hii,
hadithi ikisha wao hawaondoki jikoni,
wamebaki na sufuria, wanakwangua ukoko,
maana ukoko ndio wenye ladha.
Nao ni wengi. Mmoja wa Tudor
kamwozesha Zamzam kwa Badi,
Badi yule yule wa mizani ya uongo!
Nilighadhabika hata nikavunja sindano mbili.
Usiku wa pili nikaisikiliza tena:
Badi alia, apima mchele kwa haki, punje kwa punje,
nami, mtu mzima na mvi zangu, nikamsamehe.

Lakini hurudi kwa yule wa kwanza.
Nadhani husomea chini ya shuka, sauti yake imebanwa,
ila Kisauni haibanwi na shuka:
jogoo hukatiza, kinu cha jirani hutwanga,
mara, "We Mbaruku, shuka hapo!"
na Zamzam husimama njiani, mguu juu,
mpaka Mbaruku ashuke.
Herufi moja humshinda. Rehema kwake ni lehema.
Siku hizi nami nikilitaja neno hilo
ulimi wataka kuteleza papo hapo.

Sehemu ya tano iliishia
Zamzam amesimama nje ya dirisha la kwao,
asikiliza hitima yake mwenyewe.
Basi. Wiki ikapita. Mwezi.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya maji
na bili ya elfu sita
ya mfereji unaokohoa hewa.
Benchi limejaa, feni yazunguka kwa kujivuta,
na nyuma ya kioo, kwa kipaza sauti kibovu:
"Nambali alobaini na tatu, dilisha la pili."

Nikakitazama kikaratasi changu. Arobaini na tisa.
Jirani yangu alisonya, yule mzee akalaani serikali,
mimi nikaomba foleni isiende mbio.

Miwani yenye kamba. Wino kidoleni.
Nilikuja na hotuba nzima juu ya mfereji;
yote ikanitoka.
Nikainamia kitundu cha kioo:
"Aliingia ndani, au aliondoka?"

Mkono wenye muhuri ukasimama hewani.
Hakunitazama. Alitazama foleni, akatazama mlango wa meneja.
"Bili yako italekebishwa," akasema kwa sauti ya ofisi.
Kisha, kwa ile ya chini ya shuka:
"Nimeiandika mala tatu. Kila nikimwingiza ndani
mamake afa kwa fulaha."

Nyuma yangu mtu alikohoa.
"Mpe mama kiti kwanza," nikamwambia.
"Akae. Ndipo mlango ubishwe."

Akachukua kalamu,
akaandika nyuma ya bili yangu,
na bili yenyewe hakunirudishia.