Ubao wa Buluu

Ubao mwekundu ni wa nyama.
Wa kijani, mboga. Wa manjano, kuku.
Wa buluu ni wangu mimi, Nyevu,
na juu yake hapakatwi kitu ila samaki.
Kisu chake hakivuki mpaka.
Miaka kumi na mmoja, hakijavuka.

Nanawa hadi visugudini,
nikihesabu mpaka ishirini kwa Kigiriama,
maana kwa Kiswahili huwa nakimbilia mwisho.

Jumanne alikuja bwana afya, Shekuwe,
na tochi yake na kipimajoto chembamba kama kalamu.
Akaipigia sakafu magoti.
Akachungulia nyuma ya friji, chini ya jiko,
akapitisha kitambaa cheupe ukingoni mwa sinki
na kitambaa kikabaki cha harusi.
Akaniambia nifungue viganja.
Nikavifungua kama mtu anayeomba dua.
Akatazama kucha, akaandika, akasaini.
Meneja akaitia karatasi kwenye fremu ya dhahabu,
akatununulia soda.

Jioni ile ile, nyumbani Maweni,
aliingia mpwa wangu Kombe, tope hadi magotini.
Ana kibarua: huwasaidia wasomi
kule Sabaki unakotapika baharini.
Hudidimiza bomba topeni, hulichomoa taratibu,
na tope hutoka limepangana kama chapati za hitima:
juu mwaka huu, chini yake mwaka wa mafuriko,
chini zaidi, mimi nikiwa mwari.
“Mmepata nini humo?”
“Risasi, shangazi.”
Nikadhani ameokota ganda la bunduki.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Risasi hii hailii.
Haina moshi, haina harufu, haiachi tundu.
Hutoka huko juu, kwenye betri zilizopasuliwa,
kwenye rangi zilizokwanguliwa na mitaro isiyo na mwenyewe,
hudandia maji bila nauli,
na mto nao hubadili jina njiani,
Athi, kisha Galana, kisha Sabaki,
kama mdaiwa anayehama mitaa.
Kwetu ndiko unakochoka.
Kwetu ndiko unakotua mzigo.

Na mkizi, nani asiyemjua,
hachagui: hufyonza tope, hutema mchanga,
humeza kilichobaki.
Wanasema hasira zake furaha ya mvuvi.
Kimya chake ni cha nani, hawajasema.

“Majibu ya samaki bado,” alisema Kombe,
“yako maabara. Tope ndilo lililokwisha kusema.”

Usiku ule niliipitia stoo yote kichwani:
klorini, maji ya moto, siki, ndimu na chumvi.
Vyote vyangu ni vya kuosha nje.
Samaki mmoja akioza wote wameoza, tulifunzwa hivyo,
lakini huyu hajaoza, bwana Shekuwe.
Huyu ana jicho angavu na matamvua mekundu,
nyama yake hurudi ukiibonyeza kwa kidole.
Huyu anafaulu mtihani wako wote.

Wageni siwahofii sana.
Mgeni siku mbili,
sahani moja, kipande cha ndimu, kisha ndege.

Ila vichwa.
Vichwa vya mkizi haviendi mezani.
Kila Ijumaa mpishi hunifungia mfukoni,
ujira juu ya ujira,
nami huvichemsha kwa ukwaju na tui
hadi mifupa ilegee,
na Sidi wangu mdogo hufyonza mashavu,
hufyonza macho, hufyonza mpaka mwiba useme basi,
kama alivyofyonza tope samaki mwenyewe.
Mimi nina miaka kumi na mmoja jikoni hapa.
Sidi ana tisa.

Leo Ijumaa.
Mfuko uko mlangoni, umepigwa fundo, unavuja kidogo.
Karatasi ya bwana afya inang'aa ukutani.
Nimesimama kwenye sinki, povu hadi visugudini,
mwenga, mbiri, hahu,
nafika ishirini,
naanza tena.