Makato

Tarehe ishirini na sita kiwanda kinapiga chafya,
vumbi la saruji linaingia hata kwenye droo ya risiti.
Mimi ni karani wa mishahara. Nina safu sita za makato:
kodi, akiba, mkopo wa baiskeli, sare, kantini,
na hii ya mwisho, nyembamba, niliyoichora kwa mkono:
Mfuko wa Dawa. Elfu mbili.

Elfu mbili ni nini hapa Tororo?
Ni boda kutoka getini hadi kliniki ya Jumanne.
Kwenda. Kurudi utajijua.

Nilianza kazi mwaka wa tisini na mbili.
Enzi hizo ugonjwa tuliuita Slimu, kwa kunong'ona,
na beseni la plastiki lilizunguka karakana kila Ijumaa:
la mbao, la misumari, la sukari ya matanga.
Fundi Ofwono alipasua makreti ya mashine,
na Obbo wa tanuru akazikwa ndani ya maandishi
yaliyosema USIPINDUE. TUNZA PAKAVU.
Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri.

Kwa hiyo msinicheke nikiipenda safu hii.
Beseni ni lile lile.
Zamani lilimkuta mtu keshalala;
sasa linamkuta amekaa, anakoroga uji,
anauliza vidonge vya jioni viko wapi.

Mwezi wa tatu Wandera wa magunia aligonga dirisha.
"Nifute. Mimi si mgonjwa,
na simlishi mtu aliyejitakia."
Nikamfuta. Rula, wino mwekundu, basi.
Foleni nyuma yake ikakohoa,
wengine kwa vumbi, wengine kwa kukosa la kusema.

Mwezi wa tisa akarudi, saa ya chakula, hakuna mtu.
Kofia ya kazi ameishika tumboni kama sahani.
"Nirudishe," akasema. "Weka nne."

Fomu ina kisanduku: Sababu ya mabadiliko.
Kalamu yangu ilisimama hapo
kama mgeni aliyesahau kupiga hodi.
Wandera akalitazama jabali nje ya dirisha,
nami nikalitazama,
jabali hili linalotuona wote tukiingia zamu
na halijamuuliza mtu kitu.

Huenda ni mkewe. Huenda ni mdogo wake kule Busia.
Huenda ni yeye.
Huenda si yeyote, ni usiku mmoja tu
alipoyasikia tena maneno yake
yakisemwa na mdomo wa mtu mwingine.

Kisanduku nikakiacha cheupe.
Mkaguzi akija kutoka Kampala ataniuliza,
nami nitamwambia kalamu ilikauka.

Alipokwenda, kidole chake kilikuwa kimebaki
ukingoni mwa dirisha, alama ya saruji, kijivu,
mistari yote ikionekana.
Amoding alikuja na kitambaa chake cha maji.
Nikamwambia, hapo pitisha kesho.