Gia Tano za Nyuma

Lililetwa na lori la mkonge, siku ya Alhamisi,
likashushwa kwa minyororo uani kwetu Chumbageni
juu ya matuta yangu ya mchicha.
Sikuulizwa.
Semboja alisimama kando, kofia mkononi,
kama mtu anayepokea wakwe.

Deraya la Mwingereza, magurudumu manne, moja halina raba.
Miaka mingi lilikaa shambani huko njia ya Muheza
likishikilia paa la banda la korona
(ile mashine ya mkonge, si maradhi).
"Nimelipata kwa bei ya chuma chakavu," akasema.
Nikamwambia: chakavu ni chakavu.

Tangu hapo nyumba yangu inanuka mafuta ya taa.
Nati zinalowa kwenye sufuria yangu ya pilau,
kabureta imelala mezani juu ya gazeti,
spana namba kumi na saba niliikuta chini ya mto.
Hatibu, mwanangu, anasugua kutu kwa brashi ya waya
mpaka kope zimekuwa nyekundu.
Watoto wa mtaani wamelipa jina: Kobe.
Bi Mwanakombo akachungulia juu ya ukuta:
"Enyi, mnategemea vita na nani?"

Rangi inatoka kwa tabaka. Kijani. Chini yake rangi ya mchanga.
Chini yake kijani kingine, kikongwe zaidi,
kisha ile nyekundu ya kwanza, rangi ya ufizi.
Ndani, ubavuni mwa kiti cha dereva,
panya walikuwa wamejenga kwa singa,
na nyuma ya kiota, mikwaruzo ya msumari:
mistari kumi na tisa, na jina, CHANDE.
Hakuna cheo. Hakuna mwaka.
Semboja aliulizia mpaka karakana ya reli alikostaafu.
Kila mtu alimjua Chande fulani; hakuna aliyekuwa yeye.
Alihesabu nini? Siku? Mishahara? Watu?
Rangi mpya ilipofika pale, brashi ikapazunguka,
kama anayedeki msikiti akimzunguka mtu aliyesujudu.

Kisha akafungua sanduku la gia.
"Tano za mbele," akasema, "na tano za nyuma."
Nikaacha kupeta mchele.
Chuma gani hiki, unene wote huo,
kilichojiandaa kukimbia sawa na kilivyojiandaa kushambulia?
Akacheka, akasema hiyo ndiyo akili.
Mimi niliwaza: waliokuja nalo
walijua mapema kwamba wataondoka.

Jumapili injini ikashika.
Moshi mweusi, kuku juu ya paa, Hatibu anapiga yowe,
na Kobe, baada ya miaka yote ile ya kubeba banda la watu,
akaenda nyuma.
Mita nne tu. Ukuta wa bafu ukalala chini polepole,
kama mtu aliyekuwa akisubiri ruhusa.
Sikugomba. Hasira ilipita kimo cha maneno.
Nikamwambia: toka, nikae mimi.

Nikaingia kwa juu, kanga ikanasa kwenye bawaba.
Nikafunga kifuniko cha mbele.
Kukabaki kijidirisha, upana wa rula ya shule,
na humo nikaona uani kwangu:
nusu ya jiko, mpini wa ndoo,
miguu ya mume wangu kuanzia gotini hadi kwenye ndala,
mkono wa mwanangu bila mwanangu.
Bi Mwanakombo alikuwa akisema kitu. Mdomo sikuuona.
Ningeweza kumwogopa.
Nyumba niliyoijenga tofali kwa tofali kwa hela ya maandazi
ilikuwa mahali ambapo lolote lingeweza kunitokea.

Nikamwelewa Chande kidogo. Au nilidhani.

Nilitoka na grisi kiwikoni.
Nikasema: paka rangi uitakayo.
Ila hicho kifuniko king'oe, na bawaba zake,
pabaki wazi, mvua ikitaka iingie.
Na kesho saruji, mifuko miwili, ya bafu.

"Mitatu," akasema Semboja, akipima kwa macho.