Pengo

Ijumaa, saa kumi jioni, Saskatoon.
Baridi imegandisha kope za dereva.
Ametuletea indiamu ndani ya chungu cha risasi,
risasi ya uzito, si ile ya bunduki.
Darlene Wasylyk akakipokea kwa mikono miwili
kama mtu aliyepewa uji wa moto.
Sahihi hapa, sahihi pale.
"Siku tatu kasoro saa tano," akasema,
"na nusu yake itakuwa imekwenda."
Nusu ipi, hakuna ajuaye.

Tukaipiga ndani ya fuwele ya galiamu na aseniki,
bamba dogo kuliko ukucha wa gumba,
la kijivu, linalong'aa.
Atomu ngeni ziliingia kwa kishindo, zikavuruga safu,
kama waliochelewa harusini
wakikanyaga miguu ya waliokwisha kaa.
Ndipo tanuri: digrii mia saba, dakika kumi.
Joto likawapanga upya.
Samahani. Nipishe. Haya, kaa hapa.

Mtu akiniuliza nafanya nini huku
humwambia: atomu hatuioni.
Tunaingoja ife.
Ikifa hugeuka kadimiamu,
na kadimiamu mchanga hupaza sauti mara mbili.
Ya kwanza, saa inaanza.
Ya pili, saa inasimama.
Katikati
(chukua sekunde, ikate vipande bilioni,
tupa vyote ubakize themanini)
kiini kinazunguka kama pia,
na upande itokako sauti ya pili
unatuambia kimegeuka kiasi gani,
na nani kakigeuza:
nani yuko kushoto, nani kulia,
nani hayupo.

Macho manne ya mashine yameizunguka meza.
Jumamosi usiku yalituchorea mstari
ulionyooka kama barabara ya kwenda Rosetown.
Amani. Kila kiti kina mtu wake.
Atomu yenye majirani sawa pande zote
haina la kusema.
Nikavaa koti, kofia, glavu ya kwanza.
"Ngoja," akasema Darlene. "Hesabu bado ni chache."

Nilingoja nimevaa glavu moja.

Jumapili, kabla ya mapambazuko, likatokea wimbi.
Dogo, la kudhaniwa kosa la jicho.
Sita katika kila mia ya atomu zetu
zilikuwa zikiyumba, na zikiyumba kwa mwendo mmoja.
Hapo ndipo usingizi uliponitoka.
Fujo haina mdundo.
Hizi sita zilikuwa na jambo moja:
kando ya kila moja palikuwa patupu,
kiti ambacho aseniki alipaswa kukikalia
na hakukikalia.

Mwaka nilipong'oka jino la mbele
ulimi wangu haukuwa na safari nyingine.
Asubuhi pale, usiku pale,
hata nikiwa nasoma kwa sauti darasani, pale.

Darlene akaenda kumimina kahawa.
Akashusha vikombe vitatu.
Akakitazama cha tatu, kile chenye sikio lililomeguka,
akakirudisha kabatini, kinywa chini.
Orest alishika zamu za Jumapili
hadi mwezi wa tisa.
Mara ngapi nimeuona mkono ule ukipanda, ukishuka,
ukipanda tena na kikombe kimoja,
nikadhani ni usahaulifu wa mtu mwenye usingizi?
Nikatia sukari. Nikakoroga kuliko ilivyohitajika.

"Mwendo gani?" akaniuliza, mgongo kwangu.
Nikamtajia namba.
"Mmoja tu?"
"Mmoja tu."
"Basi ni kweli," akasema, akaketi.

Jumatatu, saa tano asubuhi.
Nusu imekwenda, kama alivyosema.
Mashine ingali inahesabu, ila polepole,
mlio, kimya, mlio, kimya kirefu.
Nje watu wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari.
Nimechonga penseli, nimejaza daftari:
tarehe, joto la tanuri, sita kwa mia.
Kwenye safu ya sababu nimeandika
pengo, jirani wa karibu,
na Darlene ametia sahihi chini yake
bila kusoma.